Kutoka Nyungu hadi Sufuria: Historia ya Vyombo vya Kupikia katika Masisi na Walikale na Suala la Usalama Wake

Wanaisimu wa eneo letu wamezoea kutafuta historia ya watu katika majina ya mito, ya koo na ya mimea. Ni mara chache wanapoingia jikoni. Hata hivyo jikoni ndiko maneno yanakokaa muda mrefu bila kusumbuliwa, na ndiko pia yanakobadili maana bila mtu yeyote kutangaza. Katika makala haya tunakusudia kufuata historia ya chombo cha kupikia katika maeneo mawili ya Kivu ya Kaskazini, yaani Masisi na Walikale, tangu chungu cha udongo hadi sufuria ya alumini. Hatufanyi hivyo kwa udadisi mtupu. Mama anayekwenda sokoni Sake au Walikale hana budi kuchagua chombo ambacho hakitawadhuru watoto wake, na uchaguzi huo hauwezi kueleweka vema bila historia hiyo. Tena tutajaribu kuonyesha kwamba sehemu ya hatari yenyewe imejificha katika maneno.

Maeneo haya mawili yanapakana lakini hayafanani. Masisi ni nchi ya milima, ya malisho, ya maharagwe na viazi. Wenyeji wake ni Wahunde, na pamoja nao wanaishi Wanyarwanda, Watembo, Wanyanga na Batwa. Walikale, upande wa magharibi, ni nchi ya msitu mkubwa, ya ndizi, mihogo na mawese, nayo ni makao ya Wanyanga, Wakumu, Watembo, Warega na wengineo. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni, kanisani na, kwa bahati mbaya, katika kambi za wakimbizi wa ndani.

Nyungu

Kiswahili Sanifu kimependelea neno chungu. Kiswahili cha Kongo kimeshika nyungu, na katika jambo hili hakina haja ya kuona haya, kwani umbo hilo ni la zamani na lina ndugu wengi. Lingala na Kikongo husema nzungu. Mizizi ya namna hii imechunguzwa kwa kina na Koen Bostoen katika kitabu chake cha mwaka 2005 juu ya maneno na vyungu katika lugha za Kibantu, ambamo alionyesha kwamba wasemaji wa Kibantu cha awali walikuwa tayari wafinyanzi kabla ya kutawanyika. Kitenzi chao cha kufinyanga kimehifadhiwa wazi katika Kinyarwanda, kubumba, ambamo mfinyanzi ni umubumbyi. Katika Kiswahili kitenzi hicho kimepoteza konsonanti yake ya kwanza na kupanda cheo: ni kuumba. Anayesema Muumba, bila kujua, anamtaja mfinyanzi.

Udongo wenyewe unathibitisha ukale huu. Jean Hiernaux na Emma Maquet walichapisha mwaka 1957 na 1960 uchunguzi wao juu ya tamaduni za enzi ya metali katika Rwanda, Burundi na Kivu. Miongoni mwa mahali walipopaeleza ni Bishange, karibu na Ziwa Kivu, na sehemu ya pili ya kazi yao iliambatana na maelezo ya mahali pawili penye matofali ya kale katika eneo la Walikale. Vigae vya jadi hiyo, ambavyo wataalamu huviita vya Urewe kwa jina la mahali palipo magharibi mwa Kenya, vinajulikana kwa mistari yake iliyochorwa kwa utulivu na kwa kibonyeo kidogo kitakoni. Basi, kwa muda unaozidi miaka elfu moja na nusu, aliyepika katika milima hii alipika katika udongo.

Katika nyakati zilizo karibu nasi, ufinyanzi katika sehemu kubwa ya Maziwa Makuu ulikuwa kazi ya Batwa, hasa wanawake wao. Jirani alikula chakula kilichopikwa katika chungu cha Mtwa, ilhali mara nyingi alikataa kula pamoja na Mtwa mwenyewe. Methali yetu husema kwamba mfinyanzi hulia gaeni, na hapa methali hiyo haikuwa mzaha. Uhamiaji ulioandaliwa na serikali ya Wabelgiji, kwa jina la Mission d'Immigration des Banyarwanda, uliowaleta makumi ya maelfu ya watu Gishari na sehemu nyingine za Masisi kuanzia mwaka 1937 hadi 1955, uliongeza katika milima hii wasemaji wa neno inkono, yaani chungu cha kupikia, pamoja na ujuzi wa vyombo vya maziwa vya mti na kibuyu.

Upande wa Walikale tusisahau chombo kingine ambacho hakina mpini wala mfuniko wa kununuliwa, nacho ni jani. Majani mapana ya msituni hufunga samaki, nyama, uyoga au mihogo iliyopondwa, kisha furushi hilo huwekwa juu ya makaa au katika mvuke. Jani halina metali na haliachi kutu. Likishatumika hutupwa na kuoza. Tunalitaja kwa sababu siku hizi katika miji na kambi nafasi yake imechukuliwa na mfuko wa plastiki, unaowekwa juu ya bugali au juu ya viazi ili kuzuia mvuke usitoke. Plastiki ile haikutengenezwa kwa ajili ya moto, na rangi zake hazikutengenezwa kwa ajili ya tumbo. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017. Lakini jiko halisomi gazeti rasmi.

Je, chungu chenyewe ni salama? Kwa jumla, ndiyo, na sababu yake yafaa ielezwe. Katika nchi kadhaa, Mexico ikiwa mfano unaojulikana sana, vyungu hupakwa utando unaong'aa kama kioo, na utando huo kwa desturi ulichanganywa na madini ya risasi. Chakula chenye uchachu huiyeyusha risasi hiyo. Vyungu vya Kivu havipakwi utando wowote. Huchomwa uwanjani kwa kuni na nyasi, kisha hutumika vikiwa na ngozi yake wazi. Kwa kuwa vina vitundu vidogo, chungu kipya hupikiwa kwanza uji mzito ili wanga uzibe vitundu hivyo. Mpishi aliyekwisha kula maharagwe ya chungu hahitaji hoja zetu juu ya ladha. Linalobaki ni kuangalia udongo ulichimbwa wapi, maana udongo wa kando ya karakana ya magari au wa bonde linalopokea maji ya machimbo si sawa na udongo wa kinamasi kisichoguswa.

Udhaifu wa chungu ni kwamba huvunjika, nao ni udhaifu uliokuja kuwa mkubwa kuliko yote katika nchi ambayo watu wake wamelazimika kukimbia mara kwa mara. Huwezi kukimbia usiku na chungu kichwani na mtoto mgongoni.

Kwa nini chuma hakikuwa sufuria

Mtu aweza kuuliza: ikiwa watu wa Kivu walijua kufua chuma tangu zamani hizo, mbona hawakupikia katika chuma? Jibu liko katika joto. Matanuri ya jadi ya Afrika yalitoa chuma kikiwa donge laini, pasipo kukiyeyusha kikawa maji, kwa maana chuma safi huyeyuka katika nyuzi 1,538 za Selsiasi, na matanuri hayo hayakufika huko. Donge hilo hufuliwa kwa nyundo likawa jembe, kisu, mkuki au kengele. Lakini kulifua likawa bakuli pana lisilovuja ni kazi isiyo na faida pale ambapo udongo uko tele. Fasihi simulizi inakubaliana na jambo hili. Katika utendi wa Mwindo, uliosimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, wajomba wa shujaa humfulia mavazi ya chuma mwilini. Chuma ni nguvu na silaha, si jiko.

Sufuria iliingia kwa njia nyingine, na jina lake linatuonyesha njia hiyo. Asili yake ni neno la Kiarabu la shaba ya manjano, ṣufr, na kwa hiyo sufuria kwa maana yake ya kwanza ni chombo cha shaba. Edward Steere, katika kitabu chake cha lugha ya Unguja cha mwaka 1870, aliieleza sufuria kuwa chungu cha shaba, na chombo cha chuma akalazimika kukiita sufuria ya chuma. Hii ina maana kwamba wakati huo neno lilitaja mata pamoja na umbo: ukisema sufuria, msikilizaji alijua metali gani.

Neno hilo lilisafiri na misafara ya wafanyabiashara wa pwani iliyofika Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19 na kuenea kutoka Maniema kuelekea misitu ya Walikale. Hatudhani kwamba sufuria zenyewe zilikuwa nyingi. Katika sehemu kubwa za Bonde la Kongo vijiti vya shaba vilivyoitwa mitako vilikuwa fedha, na ni nani angepikia fedha zake? Jina lilitangulia, chombo kikafuata baadaye, nacho kilipofika kilikuwa cha metali nyingine. Kinyarwanda nacho kimeipokea kwa umbo la isafuriya.

Shaba ina hatari yake. Chakula chenye uchachu, kama vile nyanya, ndimu au maziwa ya mgando, huiyeyusha na kumtapisha mlaji. Kutu yake ya kijani ni onyo linaloonekana kwa macho. Ndiyo maana mafundi wa mataifa mengi hupaka ndani ya sufuria ya shaba tabaka la bati. Bati huyeyuka katika nyuzi 232 tu, kwa hiyo sufuria ya namna hiyo haifai kuachwa motoni ikiwa tupu, lakini kwa chakula ni metali pole sana.

Hapa ndipo historia inapofanya jambo la ajabu. Bati hutoka katika kasiterite, na kasiterite ni mali ya Walikale. Machimbo ya Bisie yalianza kujulikana mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwanza kwa wachimbaji wa mikono, kisha kwa kampuni ya Alphamin iliyoanza kuzalisha kwa mitambo mwaka 2019. Mwaka 2024 mgodi huo ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati. Kabla yake kulikuwa na SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976 na kudhoofishwa na kuanguka kwa bei ya bati duniani mwaka 1985. Karibu nusu ya bati la ulimwengu hutumika kuunganishia vifaa vya umeme. Masisi nayo ina Rubaya, ambayo koltani yake hutoa tantali ya simu na kompyuta. Metali za maeneo haya mawili huondoka zikiwa mchanga ndani ya magunia; sufuria huja kutoka kwingine, na nyingine, kama tutakavyoona, zinatoka katika takataka za metali za dunia hiyo hiyo.

Alumini na vita

Alumini ilikuwa kitu cha thamani hadi mwaka 1886, wakati Charles Hall nchini Marekani na Paul Héroult nchini Ufaransa walipogundua, kila mmoja peke yake, namna ya kuipata kwa nguvu za umeme. Baada ya Vita Vikuu vya Pili ilikuwa rahisi kiasi cha kuingia katika kila duka la kijijini. Ni nyepesi, haivunjiki, huchemsha haraka na kuokoa makala. Pamoja nayo zilikuja sahani na sufuria za enameli, yaani chuma kilichopakwa kioo, ambazo katika Kivu zilikuwa dalili ya nyumba yenye heshima.

Lakini si duka peke yake lililoondoa chungu. Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi, na watu kwa mamia ya maelfu wakaacha nyumba zao. Julai 1994 wakimbizi wapatao milioni moja kutoka Rwanda waliingia Goma na viunga vyake. Vita vya 1996 na 1998 vilifuata, kisha makundi yasiyohesabika kwa urahisi. Mwaka 2024 kundi la M23 liliteka Rubaya. Januari 2025 liliingia mji wa Masisi na kisha Goma, na Machi mwaka huo huo lilifika Walikale na kuondoka mwezi uliofuata. Kambi zilizouzunguka mji wa Goma, kama Bulengo na Lushagala, ambazo zilijaa watu wa Masisi, zilivunjwa Februari 2025, na watu wakaambiwa warudi kwao.

Katika kila safari ya namna hiyo sufuria ya alumini ndiyo iliyobebwa, na pale isipobebwa ndiyo iliyogawiwa. Kanuni za misaada zinazojulikana kwa jina la Sphere hutaja sufuria mbili za ukubwa wa familia, zenye mpini na mfuniko, kwa kila kaya. Kwa hiyo tunathubutu kusema kwamba kabila la chombo cha kupikia katika Masisi halikuchaguliwa na wapishi. Liliamuliwa na uzito ambao mtu anaweza kuubeba akikimbia.

Sasa, alumini yenyewe ina madhara gani? Ikiwa ni sufuria ya bamba, yaani iliyokandamizwa kiwandani kutoka katika bamba jembamba la metali iliyosafishwa, madhara yake kwa mtu mwenye figo zima ni madogo. Hofu ya kwamba alumini huleta ugonjwa wa kusahau wa wazee haijathibitishwa. Kamati ya wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani iliweka mwaka 2011 kiwango cha miligramu 2 kwa kila kilo ya mwili kwa juma. Uchachu, chumvi nyingi na magadi huiyeyusha. Kupika maharagwe kwa magadi ndani ya alumini ni kuila sufuria kidogo kidogo. Ule utando mweusi unaojitokeza ndani ya sufuria iliyochemshiwa maji mara nyingi si uchafu, bali ni ngao yake. Sisi wa Kivu tumemfundisha binti kwamba sufuria isiyong'aa ni aibu ya nyumba, naye huisugua kwa mchanga na majivu mpaka ajione usoni mwake. Kila asuguapo anaondoa ngao hiyo, na mlo unaofuata unapata metali mpya. Nje aisugue apendavyo. Ndani inatosha sabuni na kitambaa.

Sufuria nzito

Hatari kubwa iko kwingine. Katika miji mingi ya Afrika mafundi huyeyusha vipande vya mashine, mikebe, nyaya, rejeta za magari na mabaki ya vifaa vya umeme, wakamimina metali hiyo katika kalibu za mchanga na kupata sufuria nene. Ufundi wao ni wa kustahiwa, na bei yao huwafaa maskini. Ila fundi hajui kilichomo ndani ya chakavu chake, wala hana mizani ya kupimia.

Mwaka 2014 Jeffrey Weidenhamer na wenzake walichapisha uchunguzi wa sufuria za namna hii kutoka Kameruni, wakaonyesha kwamba hutoa risasi ndani ya chakula. Mwaka 2017 walipanua kazi hiyo kwa vyombo 42 kutoka nchi 10. Walichemsha ndani yake maji yenye uchachu wa siki kwa saa mbili. Vyombo 15, yaani zaidi ya theluthi moja, vilitoa maikrogramu 1 au zaidi ya risasi kwa kila kipimo cha mililita 250. Sufuria moja kutoka Vietnam ilipita maikrogramu 1,000 katika majaribio yaliyorudiwa. Baadhi vilitoa kadimi na aseniki. Alumini yenyewe ilikuwa wastani wa miligramu 125 kwa mlo, wakati kiwango kilichotajwa hapo juu ni sawa na miligramu 20 kwa siku kwa mtu wa kilo 70. Msomaji atasema kwamba siki ya saa mbili si chakula. Ni kweli, lakini sombe huchemka kwa saa nyingi, na mchuzi wa nyanya una uchachu wake. Jaribio lile haliko mbali na jiko letu kama tungependa liwe. Jambo hilo halikuishia Afrika na Asia: mwaka 2022 watafiti wa Seattle walionyesha kwamba sufuria za alumini zilizoletwa na familia za wakimbizi wa Afghanistan zilikuwa chanzo cha risasi kwa watoto wao, na mwaka 2024 jimbo la Washington likatunga sheria ya kuzuia risasi katika vyombo vya kupikia.

Risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua, na haijapatikana kiasi chake kisicho na madhara; ndiyo sababu mwaka 2010 kamati ile ile ya FAO na Shirika la Afya Duniani iliondoa kiwango ilichokuwa imeweka zamani. Mtoto hufyonza mara nne au tano zaidi ya mtu mzima, na zaidi tena ikiwa damu yake imepungukiwa na chuma au mlo wake hauna kalsiamu. Mtoto wa kambini, basi, ndiye wa kwanza kudhurika.

Linalotusikitisha zaidi ni kwamba maarifa ya soko yanamwelekeza mnunuzi upande usiofaa. Katika masoko yetu uzito ni sifa. Sufuria nyepesi hudharauliwa kuwa ya karatasi. Nzito husifiwa kuwa ya maisha. Kwa chungu na kwa jembe kanuni hiyo ilikuwa ya kweli. Kwa alumini imegeuka: ile nyepesi, yenye unene ulio sawa na mistari myembamba ya mashine, ndiyo ya bamba, ile nzito, yenye ngozi ya chengachenga za mchanga na masikio yaliyomiminwa pamoja na mwili wake, ndiyo ya kalibu.

Vyombo vingine tutavipitia kwa haraka. Chuma cha kalibu kilichotoka kiwandani ni kizuri, na kina faida ya ziada: uchunguzi uliofanywa Ethiopia na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto waliopikiwa katika sufuria za chuma walipata damu bora kuliko waliopikiwa katika alumini. Enameli ni salama maadamu haijabanduka ndani. Ikibanduka, ifanywe chombo cha kuhifadhia nafaka kavu. Chuma kisichoshika kutu, ambacho sokoni huitwa inoksi kwa kufuata Kifaransa, ndicho bora kwa kila chakula, nacho kinawashinda wengi kwa bei. Vikaango vyenye utando mweusi usioshika chakula havifai kabisa kwa mbabula: utando huo huanza kuharibika unapopita nyuzi 260 hivi, na makala hayana kitufe cha kupunguza moto. Maziwa ya mgando ya Masisi na pombe ya ndizi, kasiksi, visilazwe katika metali yoyote isiyo inoksi. Kibuyu na mti vilijua kazi hiyo kabla yetu.

Neno lililopotea na neno lililozidi

Turudi sasa kwenye lugha, ambako tuna la kusema zaidi kuliko mkemia.

Tumeona kwamba sufuria ilikuwa jina la mata. Leo ni jina la umbo tu. Neno moja linafunika shaba, bamba la alumini, alumini ya kalibu, enameli na inoksi, na mnunuzi asiye na neno la kutenganisha hawezi hata kuuliza swali. Hili si kosa la Kiswahili, maana kila lugha hupanua maneno yake. Hata hivyo lugha ina viungo vya kutosha kurekebisha. Tunapendekeza sufuria ya bamba na sufuria ya kalibu. Kalibu ni neno la kale la ufundi, halihitaji kuundwa wala kuidhinishwa na baraza lolote, na muuzaji akiulizwa kwa neno hilo atalazimika kujibu.

Neno risasi lina shida ya kinyume. Asili yake ni Kiarabu, raṣāṣ, yaani ile metali nzito laini. Kwa kuwa metali hiyo ndiyo iliyotumika kutengenezea vidonge vya bunduki, jina likahamia kwenye kidonge. Lingala ilikwenda mbali zaidi: ilisikia silabi ya kwanza kuwa kiambishi cha ngeli, ikapata lisasi katika umoja na masasi katika wingi, na masasi hayo yakarudi Kivu pamoja na askari. Huko pwani risasi bado ina maana zote mbili. Masisi ina moja tu. Ukimwambia mama wa Masisi kwamba ndani ya sufuria yake mna risasi, ataipindua na kutazama kama kuna tundu.

Kwa hiyo tangazo la afya lililoandikwa Dar es Salaam au Nairobi likaletwa Masisi bila kuguswa litasomwa vibaya. Baadhi ya wauguzi hutumia neno la Kifaransa plomb, ambalo mafundi wa betri za magari wanalielewa, lakini mama anayepika halielewi. Katika mazungumzo yetu na wanafunzi wanaotoka maeneo haya tumesikia njia tatu: kulihamisha neno la Kifaransa kwa umbo la plombo, kusema metali ya betri, au kuendelea na risasi na kuiongezea kiainishi, risasi ya metali. Sisi tunapendelea njia ya pili, ingawa haina uzuri wa istilahi, kwa kuwa kila mtu aliyewahi kuona betri ya gari ikivunjwa kando ya barabara anajua kwamba kilichomo si cha kuliwa. Wanafunzi wawili walipinga, wakisema kwamba istilahi iliyofungwa kwenye kifaa kimoja itakufa pamoja na kifaa hicho, kama sufuria ilivyoiacha shaba. Pingamizi lao ni la haki, na mjadala huo bado unaendelea katika semina yetu.